Kuwavizia nondo-mwewe bustanini: mwongozo kuanzia adhana ya magharibi

Nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga kuna mpapai dume ambao kila mgeni hushauri ukatwe. "Huu hauzai, unakula nafasi bure." Nimeuacha kwa sababu moja. Robo saa hivi baada ya adhana ya magharibi, vishada vyake vya maua meupe hupata wageni: wadudu wanene kama kidole gumba, wanaokuja kwa kasi ya jiwe lililorushwa, kisha wanasimama hewani mbele ya ua bila kutua. Mbawa huzioni, unaona ukungu tu pande mbili za mwili. Ukikaa karibu unasikia mvumo wa chini, kama feni iliyo chumba cha pili. Mdudu ananyosha ulimi mrefu, anaonja ua moja, anahamia la pili, la tatu, na kabla hujamwita mtu aje kuona, keshaondoka.

Hao ni nondo wa jamaa ya Sphingidae. Kiswahili cha mtaani hakiwatengi na nondo wengine, na neno lenyewe nondo lina kazi nyingi: ukilitaja dukani utapewa chuma cha ujenzi cha milimita 12. Mimi nawaita nondo-mwewe, kwa jinsi wanavyokata hewa, na ndivyo nitakavyowaita humu. Kuwaona hakuhitaji darubini wala safari ya kwenda msitu wa Amani, kule Usambara. Kunahitaji kujua ua gani na saa gani, halafu kutulia. Anayezunguka bustani na tochi akiwatafuta hatawaona, ila atakayechagua ua moja na kulikalia atawaona.

Kwanza, hakikisha ni nondo kweli

Wengi wanaomwona mara ya kwanza huapa kwamba wameona ndege mdogo. Kosa hilo lina sababu. Wale ndege wadogo wanaoelea mbele ya maua kwenye filamu za wanyama ni wa mabara ya Amerika, na Afrika hawapo porini kabisa. Sisi tuna chozi, yule ndege mwenye mdomo uliopinda na manyoya yanayong'aa. Chozi anaweza kuelea kidogo, lakini mazoea yake ni kushika kitawi kwa miguu ndipo anywe. Na jua likizama, chozi amekwisha kwenda kulala. Kwa hiyo kinachoelea kwenye ua wakati taa zinawashwa karibu hakika si ndege.

Tazama kichwani. Nondo-mwewe ana vipapasio viwili vinavyonenepa kuelekea mbele, ncha zikiwa zimepinda kama kulabu ndogo. Hana mdomo. Ana ulimi kama mrija, ambao akimaliza kunywa huukunja chini ya kidevu kama mpira wa maji uliozungushwa. Mwili ni mnene mbele na umechongoka nyuma, na mbawa za mbele ni nyembamba na ndefu. Nondo wengine wengi hutua kwenye ua au huparaganyika ovyo hewani. Huyu anasimama mahali pamoja, na upepo ukilitikisa ua, naye anatikisika nalo.

Chagua ua

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanapanda maua mekundu yanayopendeza mchana, wakashangaa usiku hakuna anayekuja. Nondo wa usiku hufuata maua meupe, ya krimu au ya rangi hafifu, yenye mrija mrefu, na yanayotoa harufu giza likiingia. Pita bustanini saa tisa mchana ukanuse, kisha rudi saa moja usiku unuse tena. Ua ambalo mchana halikuwa na habari na usiku linakuita kutoka kibarazani, weka kigoda chako hapo.

Kwa uzoefu wangu mpapai dume unashinda yote. Maua yake yananing'inia kwa mikono mirefu, kila moja ni mrija mwembamba wenye mbochi, yaani maji matamu ya ua, ndani kabisa. Maua ya mpapai jike yanafanana nayo kwa weupe na harufu lakini hayana mbochi. Nondo anatoka kwa dume akiwa na chavua usoni, anadanganyika na ua la jike, anachungulia, hapati kitu, anaondoka. Chavua amekwisha kuiacha. Mtafiti wa wadudu wa Kenya, Dino Martins, amewachunguza nondo hawa katika mashamba ya mipapai nchini mwake, akaonyesha kwamba ndio wanaoichavusha na kwamba shamba kuwa karibu na pori zuri au mbali nalo kunaleta tofauti. Jirani yangu mmoja aliikata midume yote na baada ya muda akalalamika kwamba mijike inapukutisha maua. Kama mipapai yako ni ile yenye ua la jinsia zote mbili, itajizalia yenyewe. Kama ni ya kienyeji, acha angalau dume mmoja.

Baada ya mpapai, naweka asumini, lakini ile yenye ua la petali chache ambalo tundu lake linaonekana. Ile iliyojaa petali kama waridi dogo ni nzuri kwa kikuba, ila nondo hapati njia ya kuingiza ulimi. Kuna mtambao unaoitwa kitaalamu Ipomoea alba, ndugu wa viazi vitamu, ambao maua yake makubwa meupe hufunguka jioni mbele ya macho yako, na asubuhi yamekunjamana. Kuna Mirabilis jalapa, kile kichaka cha maua ya pinki, manjano au meupe kinachochanua alasiri kama saa kumi na kuachia mbegu nyeusi kama pilipili manga. Hiki hakina masharti: kinaota penye mchanga, penye kifusi, hata pembeni ya karo. Petunia nyeupe za kwenye makopo nazo zinafaa kwa wenye kibaraza tu. Mnanaha pia huwaita nondo sana kwa zile tarumbeta zake nyeupe, lakini una sumu kali, mbegu na majani. Penye watoto usiupande. Ukiota wenyewe nje ya uzio, utazame kwa mbali.

Urefu wa mrija wa ua unakwambia urefu wa ulimi wa mgeni. Kanuni hii ina kisa chake. Mwaka 1862 mwanasayansi Mwingereza, Charles Darwin, aliletewa ua la okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, yenye mkia wa mbochi wa karibu sentimita 30. Akasema lazima kisiwani kuna nondo mwenye ulimi wa kufika chini kule. Watu wakacheka. Mwaka 1903 nondo mwenyewe akaelezwa kisayansi, akapewa jina praedicta, maana yake aliyetabiriwa. Ndugu yake wa bara, Xanthopan morganii, anaishi huku kwetu Afrika Mashariki pia. Bustanini huwezi kutegemea kumwona, lakini kipimo ni kilekile: penye ua lenye mrija wa sentimita mbili utapata nondo wadogo na wa kati, na penye mrija wa sentimita nane au kumi wanaonufaika ni wale wa ulimi mrefu.

Saa na majira

Huku karibu na Ikweta giza halibembelezi. Jua likizama, utusitusi haufiki hata nusu saa. Kwa mwaka mzima Tanga na Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo jioni, kwa hiyo usishike saa ya ukutani, shika adhana ya magharibi. Uwe umeketi kabla ya adhana. Wa kwanza hufika mwanga ukiwa bado unatosha kutofautisha majani na maua, na hao ndio utakaowaona vizuri. Wale wakubwa huchelewa, na wengine huja giza limetanda. Mimi huinuka ikikaribia isha. Baadaye wapo, ila macho yetu hayafai tena.

Majira yanabadilisha idadi kuliko kitu kingine chochote. Nondo ni kiwavi aliyeshiba, na kiwavi hushiba majani mabichi. Wakati wa kiangazi unaweza kukaa wiki nzima ukaona mmoja. Mvua za masika zikianza, usikimbilie siku ya kwanza, subiri wiki nne au tano, viwavi wa kizazi cha kwanza wamalize kula, wajifukie, watoke. Vuli ni hivyohivyo kwa kiasi kidogo. Jioni nzuri ni ile yenye joto, isiyo na upepo, mvua ikiwa imenyesha mchana na kukatika. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu harufu inatawanyika, na kuelea mbele ya ua linalorukaruka kunamchosha hata fundi.

Namna ya kukaa

Kaa mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye ua, mgongo ukielekea kichaka au ukuta ili umbo lako lisijitokeze, na uso ukielekea magharibi. Kwa hivyo mbingu iliyobaki na mwanga itakuwa nyuma ya ua, na nondo atakuja kama kivuli cheusi juu ya kitambaa cha rangi ya chungwa. Jambo hili peke yake limenionyesha nondo wengi kuliko tochi yoyote.

Zima taa ya nje. Nondo akikaribia taa anapotea kabisa kwenye shughuli yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulieleza vizuri kwa nini: wadudu wengi warukao usiku huelekeza mgongo kwenye mwanga, kwa kuwa siku zote mwanga wa juu ndio mbingu. Balbu ikiwa pembeni, mdudu anainama kuielekea na kujikuta anazunguka tu asijue pa kutokea. Kwa hiyo jioni ya kuvizia, taa ya uani, ya jikoni na ya geti zilale. Ukihitaji mwanga, funika tochi ya simu kwa karatasi nyekundu ya nailoni, ile ya kufungia zawadi. Wadudu wengi hawaoni vizuri wekundu.

Usidhani kwamba kwa kuwa ni giza hakuoni. Macho yao ni makali ajabu. Mwaka 2002 wanasayansi walithibitisha kwamba nondo-mwewe mmoja wa Ulaya, Deilephila elpenor, hutofautisha rangi kwa mwanga wa nyota peke yake, mahali ambapo sisi tunaona kijivu kitupu. Ukipunga mkono kumwonyesha mwenzako, umemfukuza. Elekeza kwa kidevu na kunong'ona.

Tatizo kubwa la zoezi hili si nondo, ni mbu. Magharibi ni saa yao pia. Vaa mikono mirefu, suruali na soksi, ujipake dawa ya mbu nyumbani kabla ya kutoka. Ile ya kuchoma usiiweke karibu na ua: unajaza moshi mahali ambapo mgeni wako anaongozwa na harufu. Udi nao ubaki ndani.

Nondo akifika, usimfuate kwa macho kutoka ua hadi ua. Tazama ua lililo mbele yake. Huwa anapita kishada chote kwa mpangilio, na utamkuta anakuja mwenyewe pale macho yako yalipo.

Kumtambua kwa sekunde tatu

Hutapata zaidi ya sekunde tatu, basi amua mapema utatazama nini: tumbo, ulimi, ukubwa. Rangi ya mbawa za mbele iache, giza linazifanya zote kijivu.

Tumbo lenye mistari ya pinki na nyeusi ubavuni kama mbavu, mwili mkubwa, mbawa zikinyooshwa zafika sentimita kumi hivi, ulimi mrefu kuliko mwili wote: huyo ni Agrius convolvuli, nondo wa viazi vitamu. Ndiye mkubwa wa kawaida bustanini kwetu, na huja akichelewa.

Akiwa wa kati, mwembamba, na mstari wa fedha unaong'aa kutoka ncha ya bawa, na bawa la nyuma likimetameta pinki kama kitambaa cha ndani ya koti, ni Hippotion celerio. Huyu hufika mapema na ni mwepesi wa kutoroka. Wakulima wa zabibu wanamjua kwa kiwavi wake.

Kuna Daphnis nerii, wa kijani chenye mawimbi ya waridi na weupe, mzuri kiasi cha kukufanya ushike kinywa. Kumwona akielea ni bahati. Mara nyingi nimemkuta asubuhi amelala ukutani.

Na yupo mwenye picha ya fuvu mgongoni, Acherontia atropos, ambaye watu wanamwogopa na ambaye akishikwa hulia kama panya. Huyu usimngoje kwenye maua. Ulimi wake ni mfupi na mgumu, kazi yake ni kutoboa nta na kuiba asali mizingani. Ukiwa na mzinga uani, mtazame huko. Hana sumu, haumi, wala hajaja kuita mtu. Bibi yangu alisema nondo mkubwa akiingia ndani ni dalili ya mgeni, na kwa kuwa kwetu hakukupita wiki bila mgeni, hakukosea hata mara moja.

Wale wa mchana

Kama magharibi uko jikoni au njiani kutoka kazini, usikate tamaa. Wapo wanaofanya kazi juani. Macroglossum trochilus ni mdogo, sentimita tatu nne tu, kahawia, na mwisho wa tumbo ana kishungi cha manyoya kinachofunguka kama mkia wa ndege. Mtafute kwenye maua ya Lantana na Pentas asubuhi, na tena alasiri jua likipungua ukali. Huyu ndiye anayeapiwa zaidi kuwa ndege.

Mwingine ni Cephonodes, mwenye mbawa zinazopitisha mwanga kama kioo, mwili wa kijani-manjano, na mwenye kuonekana kama nyuki mnene. Akitoka kwenye bundo, yaani lile gamba ambamo kiwavi hugeuka nondo, mbawa zake zina vumbi la magamba kama nondo yeyote, lakini anapopiga mbawa safari ya kwanza magamba yanapukutika, anabaki na vioo. Kiwavi wake hula majani ya kahawa na gadenia, hivyo watu wa Kilimanjaro na Mbeya wana nafasi nzuri kutushinda sisi wa pwani.

Picha

Picha ya kawaida ya simu itakupa doa la ukungu. Wakati wa mchana tumia video ya mwendo wa polepole, kisha chagua fremu moja iliyotulia. Magharibi, weka simu kwenye kitu kisichotikisika, fokasi uifunge kwenye ua, halafu iache irekodi wewe ukitazama kwa macho yako. Nimepoteza nondo wawili wazuri kwa kuhangaika na skrini. Flashi inamshtua, tena inakupofusha wewe kwa dakika kadhaa. Picha inayotambulika zaidi utaipata asubuhi, si usiku.

Kwa hiyo amka mapema siku moja ukague kuta zilizo chini ya taa zilizokesha: ya geti, ya msikitini, ya dukani. Nondo-mwewe akilala huweka mbawa nyuma kama ndege ya kivita. Hapo unaweza kumpiga picha kutoka juu, pembeni, na usoni, na kuituma kwenye iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe kwa picha, upate jina. Ukimkuta anatetemeka mwili mzima mbawa zikiwa zimekunjwa, si mgonjwa. Anapasha moto misuli ya kifua, kwa kuwa bila joto la kutosha hawezi kuruka. Mpe nafasi, baada ya dakika chache ataondoka mwenyewe. Usimshike mbawa. Kama amelala mahali pa kukanyagwa, mwekee kijiti mbele ya miguu, atapanda.

Andika daftarini tarehe, dakika ngapi baada ya adhana, ua gani, na hali ya hewa. Masika mawili yakipita utajua bustani yako kuliko kitabu chochote.

Kiwavi, ambaye wengi wanamuua

Huwezi kutaka nondo ukamkataa mtoto wake. Kiwavi wa nondo-mwewe ni mnene, laini, asiye na manyoya ya kuwasha, na kwa kawaida ana pembe moja nyuma, juu ya matako. Pembe hiyo inatisha watoto, lakini haichomi. Wengine wana macho ya bandia ubavuni, na kiwavi wa Daphnis nerii ana mawili ya buluu na weupe ambayo huyavimbisha ukimgusa. Huyo mtafute kwenye oleanda, na kwenye yale maua madogo ya pinki na meupe, Catharanthus roseus, yanayoota makaburini na kando ya kuta. Wa Agrius yuko kwenye matembele. Wa Hippotion celerio yuko kwenye mzabibu au magimbi.

Kabla ya kumwona utaona kinyesi chake: punje ngumu zenye mifereji, kubwa kama mbegu za mpapai, zimetapakaa chini ya jani lililoliwa likabaki uti. Inua macho kutoka hapo, yuko juu yake, ameganda kama kikonyo.

Akishiba hushuka na kujifukia. Ukilima tuta la viazi ukafukua kitu cha kahawia, kigumu, chenye mkono kama wa kikombe upande wa kichwani, ni bundo la Agrius, na ule mkono ni ala ya ulimi. Lifukie kina cha vidole vinne pembeni mwa tuta ambapo jembe halitapita. Kukiwa na joto, baada ya wiki mbili tatu atatoka.

Mimi kwenye matembele nina mapatano: viwavi wawili watatu nawaachia tuta la pembeni, wakizidi hapo nawaokota kwa mkono na kuwahamishia kwenye viazi pori vya nje ya uzio. Dawa ya kupulizia sitii bustanini kabisa, hasa jioni, kwa sababu inakaa juu ya maua yaleyale ambayo baada ya nusu saa nondo ataingiza ulimi wake. Mke wangu, ambaye matembele ndiyo mboga yake, alikuwa hakubaliani nami. Msimu uliopita nilimkalisha chini ya mpapai dume na kumwomba asiwashe taa ya jikoni mpaka isha. Sasa ndiye anayeizima.